Pigo la Jumapili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akello alipanga foleni kwenye bomba la maji la Nyalenda. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu alipokuwa Gredi ya Nne, na sasa alikuwa Gredi ya Sita. Aliamka, akanawa uso, akabeba mitungi miwili ya manjano, akaenda kusimama nyuma ya wanawake wa mtaa na kusikiliza habari zao mpaka zamu yake ifike. Siku nyingine habari zilikuwa za harusi, siku nyingine za msiba, na mara nyingi za bei ya unga. Lakini wiki hiyo kulikuwa na habari moja tu, nayo ilihusu nyumba yao.

"Huyu ndiye dada yake," jirani yao Mama Seline aliwaambia wenzake, huku akimsogeza Akello mbele ili aonekane vizuri. "Dada yake Odongo. Yule atakayechezea Kenya."

"Kenya yenyewe?"

"Kenya yenyewe! Jina lake limesomwa redioni. Nimelisikia kwa masikio yangu haya."

Akello aliinamia mtungi kana kwamba anaangalia maji yanavyojaa, ili wasione anavyotabasamu.

Odongo alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Alizaliwa pacha, lakini mwenzake, Opiyo, alifariki kwa malaria wakiwa wadogo sana. Akello hakumwona. Yeye alizaliwa miaka mingi baadaye, akaitwa Akello kwa kuwa ndivyo Waluo wanavyomwita msichana anayewafuata mapacha. Baba yao naye alikuwa ameshafariki. Nyumbani walibaki watatu: Odongo, Akello na mama yao, Mama Benta, aliyeuza mashuka ya mitumba katika soko la Kibuye.

Odongo alijifunza mpira wa magongo kwa tawi la mpera. Alilikata mwenyewe, akalichonga hadi likapinda vizuri mwishoni, akawa anagonga nalo kopo la maziwa vichochoroni mpaka majirani wakamchoka. Alipoingia sekondari, mwalimu wa michezo alimpa gongo halisi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtenganisha nalo. Alicheza beki. Timu pinzani ilipopata kona ya adhabu, yeye ndiye aliyetoka golini mbio kumkabili mpigaji, huku mpira mgumu kama jiwe ukimjia kwa kasi. Ni kazi ya mtu asiyejua woga.

Mashindano yenyewe hayakuwa makubwa sana machoni pa dunia. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya wanaume ya daraja la pili, ya nchi sita ambazo timu zao zilikuwa bado zinapanda ngazi. Magazeti ya Nairobi yaliyaandikia mistari michache tu. Lakini yalikuja Kisumu, kwenye uwanja mpya wa nyasi bandia za buluu upande wa Migosi, na bingwa angepanda daraja. Kwa watu wa Nyalenda, hilo lilikuwa Kombe la Dunia tosha.

Jumapili, siku chache kabla ya mashindano kuanza, Kocha Shitanda aliwapa wachezaji wake siku ya mapumziko. Wale waliokuwa na jamaa mjini aliwaruhusu walale kwao hadi Alhamisi.

"Kesho mtu asiguse gongo," alikuwa amewaonya Jumamosi jioni. "Laleni, kuleni, muombe Mungu. Basi."

Odongo alikusudia kutii. Lakini baada ya ibada, marafiki zake wa zamani walikuja kumwita mlangoni.

"Omera, ndugu yetu, njoo tucheze kidogo tukuage," walisema. "Ukishakuwa staa hutatukumbuka tena."

Odongo akamwangalia Akello, akacheka, akachukua gongo. Akello alimfuata akiwa amebeba chupa ya maji, kama alivyofanya siku zote.

Walicheza kwenye kiwanja cha muramu, udongo mwekundu wenye changarawe, nyuma ya shule ya zamani. Kile kinyago cha kukinga uso ambacho mabeki huvaa kwenye kona ya adhabu kilikuwa kimebaki kambini, na hakuna aliyekijali. Walijaribu kona moja, ya pili, ya tatu. Katika ile ya nne, Odongo alitoka mbio, mpira ukapigwa, ukagonga kijiwe na kuruka juu ghafla.

Akello alisikia sauti kavu. Kisha akamwona kaka yake amelala chini, miguu imenyooka, gongo bado liko mkononi.

Walimzunguka wakamwita. Mmoja alimmwagia maji. Baada ya kitambo ambacho Akello alikiona kirefu kuliko ibada nzima, Odongo alifumbua macho, akakaa, akagusa kichwa juu ya sikio la kulia. Hapakuwa na damu. Palikuwa na uvimbe tu.

"Mbona mnaniangalia kama maiti?" aliuliza, na wote wakacheka kwa nguvu, kama watu walioponea chupuchupu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Odongo alisimama njiani.

"Akello, usimwambie Mama."

"Lakini ulizimia."

"Sikuzimia, nilipumzika. Sikiliza. Kocha akijua nilicheza leo, nimekwisha. Na daktari wa timu akisikia nimegongwa kichwa, hatanikubalia nicheze, hata nikipiga magoti. Miaka yangu yote nimeingoja Jumamosi hii. Unajua?"

Akello alijua. Nani angejua kumshinda yeye?

"Basi apa."

Akaapa.

Jumatatu asubuhi Odongo alitapika nyuma ya choo. Akello alimwona, naye akajiwekea kidole mdomoni kumwashiria asiseme. Mezani Odongo alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kukunja uso. Jumanne alirudi kutoka mazoezini akalala na viatu, akamwambia Akello afunge dirisha kwa sababu mwanga unamchoma. Jumatano jioni Akello alipomletea maji ya kunywa, Odongo alimtazama kwa muda kisha akasema, "Asante, Opiyo."

Akello alisimama na kikombe mkononi. Nyumbani kwao jina hilo lilitajwa mara chache, na halikuwahi kutajwa kimchezo.

"Umeniitaje?"

"Nimekuita Akello."

"Hapana, umeniita—"

"Nimechoka, Akello. Wacha nilale."

Kesho yake shuleni, Akello hakucheza wakati wa mapumziko. Aliketi kwenye ngazi za darasa pamoja na rafiki yake Lornah, ambaye alikuwa anatafuna muwa.

"Lornah, mtu akikuambia siri, halafu siri yenyewe ni mbaya, utafanya nini?"

"Mbaya vipi? Ameiba?"

"Hapana. Anaumwa."

"Ah! Hiyo si mbaya. Kila mtu huumwa." Lornah alitema makapi. "Ukisema, hatakuamini tena maishani. Siri ni siri."

Akello aliitikia kwa kichwa, lakini hakuridhika. Alitamani mtu amuulize jambo moja tu, swali lolote, ili ajibu na yamalizike. Hakuna aliyeuliza. Kila aliyekutana naye alimpongeza.

Jioni hiyo Odongo alikuwa anahamia kambini. Mama Benta alikuwa amefunga biashara mapema, akapika samaki mbichi wa mchuzi na ugali, chakula alichokipenda mwanawe kuliko vyote. Odongo alimega matonge mawili, akaisukuma sahani.

"Hujala," Mama alisema.

"Nimeshiba, Mama. Ni wasiwasi wa mechi tu."

Mama alimtazama, akaitazama ile sahani iliyojaa, akamtazama tena. Akello alishusha pumzi. Sasa atauliza, aliwaza. Lakini Mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na leso mpya yenye rangi za bendera, akajifunga kiunoni na kuzunguka mbele yao kama msichana.

"Jumamosi nitawaimbia mpaka Wazambia waende kwao!" alisema, na Odongo akacheka akiwa amefumba macho.

Jumamosi jua liliwaka vizuri. Nyalenda ilihamia uwanjani. Vuvuzela zililia, watoto walijipaka rangi usoni, na wazee ambao hawakuwahi kuona mpira wa magongo waliuliza kila dakika kwa nini uwanja unamwagiliwa maji kama shamba la mboga. Mechi ya kwanza ilikuwa Kenya na Zambia. Akello aliketi kati ya Mama na Mama Seline, karibu kabisa na uzio.

Wachezaji walitoka kupasha misuli moto. Mtangazaji alipotaja jina la Odongo, watu waliruka juu, na Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Akello hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia miguu ya kaka yake.

Mchezaji mwenzake alimsukumia mpira, pasi ya pole ambayo hata mtoto angeituliza. Odongo aliliteremsha gongo lake mahali ambapo mpira haukuwapo. Mpira ukapita. Akasukumiwa mwingine, nao ukapita. Watu waliokuwa karibu walicheka, wakidhani anafanya mzaha. Kisha gongo likamponyoka mkono wa kushoto, ule unaolishika juu na kuligeuza, na alipoinama kuliokota alipapasa nyasi kama mtu anayetafuta sindano.

Akello alimvuta Mama leso.

"Mama."

Mama alikuwa anaimba.

"Mama! Odongo aligongwa kichwa."

Wimbo ulikatika. "Lini?"

"Jumapili. Alizimia. Tangu siku hiyo anatapika, na mwanga unamuumiza, na... na Jumatano aliniita Opiyo."

 Furaha yote ilimtoka Mama Benta usoni. Alikuwa ameshamzika pacha mmoja. Alimshika Akello mkono, wakashuka hadi kwenye lango la uzio, ambako mlinzi mmoja aliyevaa fulana ya manjano aliwazuia.

"Mama, huku ni wachezaji tu."

"Mwanangu, huyo pale mwenye namba nne nilimzaa mimi," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Nifungulie."

Mlinzi alifungua.

Daktari wa timu alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Kageha. Aliyasikiliza maneno ya Akello hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamwita Odongo na Kocha Shitanda kando ya benchi. Odongo alipomwona dada yake amesimama hapo, uso wake ulibadilika.

"Ni maneno ya mtoto, Daktari," alisema haraka. "Niligongwa kidogo tu. Mama, tafadhali, mnaniaibisha mbele ya watu."

"Sawa," Daktari Kageha alisema kwa upole. "Nitajie miezi ya mwaka, ukianzia Desemba kurudi nyuma."

"Desemba," Odongo alisema. "Novemba. Septemba..." Akajaribu tena. "Desemba..."

"Acha. Fumba macho, nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu."

Odongo aliinyoosha. Mkono wa kulia ulikaa mahali pake. Wa kushoto ulianza kushuka polepole, ukigeuka wenyewe, na yeye mwenyewe hakujua. Wote waliuona ukishuka: daktari, kocha, mama, Akello. Alipofumbua macho na kuukuta karibu na paja, aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Kocha Shitanda alivua kofia yake.

"Vua jezi, kijana wangu," alisema.

"Kocha, nakuomba. Robo moja tu ya mchezo. Robo ya kwanza."

"Vua jezi."

Odongo alishindwa kuivua kwa mkono mmoja, ikabidi Mama amsaidie, kama alivyomvua nguo alipokuwa mtoto. Kabla hawajamwingiza kwenye ambulensi ya uwanja, alimgeukia Akello. Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

"Uliapa," alimwambia.

Mlango ukafungwa. Mama aliondoka pamoja naye, na Akello akarudishwa kwa Mama Seline. Habari zilikuwa zimeshaenea. Mwanaume mmoja nyuma yao alisema kwa sauti, "Katoto kamoja kanaharibia nchi nzima." Mwingine akasema alimwona Odongo kwa macho yake na kwamba alikuwa mzima kabisa. Mama Seline aliwageukia kama anayetaka kuwajibu, lakini naye alikuwa na huzuni ya mechi, akageukia uwanja.

Akello aliketi hadi mwisho wa mchezo bila kuuona. Kenya walifunga, Zambia wakasawazisha. Dakika ya mwisho Zambia wakapata kona ya adhabu. Kijana aliyechukua nafasi ya Odongo alichelewa kutoka golini, mpira ukampita miguuni ukaingia wavuni.  Kisha minong'ono ikaanza, na katika kila mnong'ono Akello alisikia jina la kaka yake.

Simu ya Mama Seline ililia wakiwa bado wamekaa. Aliisikiliza, akaweka mkono kifuani.

"Nini?" waliuliza waliokuwa karibu.

"Ameanguka ndani ya gari," Mama Seline alisema. "Kabla hawajafika hospitali. Ameanza kutetemeka, akapoteza fahamu. Wanampasua kichwa sasa hivi."

Yule mwanaume aliyekuwa nyuma yao alijikunja akakaa. 

Mashindano yaliendelea siku zote ambazo Odongo alilala bila kuamka. Kenya walishinda mechi moja, wakatoka sare mbili, wakashindwa kupanda daraja. Akello alizipata habari hizo kutoka kwa wachezaji wenyewe, waliokuja hospitalini wakiwa wamevaa suti zao za mazoezi. Walisimama wamepanga mstari mbele ya kitanda, wakubwa kwa wadogo, mikono nyuma, wasijue la kumwambia mtu asiyesikia. Marafiki wa kiwanja cha muramu nao walikuja. Walibaki mlangoni.

Daktari aliyempasua, Daktari Wahome, alimweleza Mama Benta mambo yote kwa maneno rahisi. Ule mpira ulipasua mshipa mdogo ndani ya fuvu. Damu ikawa inavuja kidogo kidogo, ikivilia na kuubana ubongo, tangu Jumapili hadi Jumamosi.

"Angeingia uwanjani, akakimbia, akagongwa tena hata kidogo," alisema, "tusingekuwa tunazungumza hivi. Aliyesema ndiye aliyemwokoa."

"Na mkono wake?" Mama aliuliza. "Ule wa kushoto?"

Daktari Wahome alisita. "Angeletwa mapema, siku ya kwanza au ya pili, pengine usingeathirika hata kidogo. Sasa utapata nguvu kiasi, akifanya mazoezi. Lakini gongo, Mama... sidhani kama atacheza tena."

Hakujua kwamba Akello alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Maneno yale mawili yalimwingia yote kwa pamoja: ndiye aliyemwokoa, na angeweza kusema mapema. Aliyabeba nyumbani, akayabeba shuleni. Lornah alipomletea kipande cha muwa, alikipokea akakishika tu hadi kengele ikalia.

"Mimi ndiye niliyekuambia unyamaze," Lornah alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikujua ni yeye."

"Mimi nilijua," Akello alijibu.

Odongo aliamka. Baada ya wiki kadhaa alirudi nyumbani, kichwa kimenyolewa, kovu limepinda juu ya sikio kama kiatu cha farasi. Alizungumza polepole, akiyatafuta maneno. Mkono wa kushoto ulikaa mapajani, vidole vimejikunja. Majirani walikuja kumpa pole, wakamwambia Mungu ni mkubwa, naye akawaitikia. Kwa Mama alizungumza. Kwa Akello hakusema hata neno moja. Alipomletea chai, aliinywa. Alipomsalimu, aliangalia ukutani.

Akello aliendelea kuleta chai. Alijifunza kuiweka upande wa kulia, mahali mkono wake unapofika.

Asubuhi moja ya kwenda kufanyiwa mazoezi hospitalini, Mama alikuwa bado anafunga mzigo wake wa mashuka nje. Odongo alikaa kitandani akijaribu kufunga kamba za kiatu. Alishika ncha moja kwa mkono wa kulia, akainama akaiuma nyingine kwa meno, akavuta. Fundo halikushika. Alijaribu tena, likafunguka tena. Akello alitazama kutoka mlangoni mpaka akashindwa kuvumilia. Akaja, akapiga magoti mbele yake.

"Wacha," Odongo alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya uwanja.

"Utaanguka."

 Odongo hakuuvuta mguu. Akello alifunga fundo la kwanza, kisha la pili.

"Nimekaza sana?"

"Kaza tu."

Alipomaliza kiatu cha pili, hakuinuka. Alibaki akiangalia zile kamba. Juu yake alisikia kaka yake akivuta pumzi kama mtu anayenyanyua kitu kizito.

"Ungesema Jumapili," Odongo alisema.

"Ungenikasirikia."

"Ningekukasirikia." Aliyatafuta maneno mengine, akayapata. "Ningekukasirikia sana. Ungesema tu."

Kisha akaanza kulia. Akello hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya Baba. Alilia bila kujifunika uso, kwa sababu mkono wa kulia alikuwa amemwekea dada yake kichwani.

"Ni mimi niliyekuapisha," alisema. "Si wewe. Ni mimi."

Mama Benta alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Aliutua, akaingia, akaketi kitandani kando ya mwanawe. Alingoja mpaka kilio kikapungua.

"Sikilizeni nyote wawili, kwa maana haya sitayasema mara mbili," alisema. "Kuna siri za kutunza. Mtu akikuambia yaliyomo moyoni mwake, tunza. Lakini ugonjwa hauna siri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe, Odongo, kifo kilikukosa kidogo sana. Anayekuapisha umfichie maumivu amekutwika mzigo usio wako. Utue siku hiyohiyo, mbele ya mtu mzima. Atakasirika, naam. Hasira ya mtu aliye hai huisha."

"Nilichelewa, Mama," Akello alisema.

"Ulichelewa. Sitakudanganya. Lakini wale vijana wote waliomwona akianguka ni watu wazima wenye ndevu, na hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi niliiona sahani imejaa samaki. Niliiona, nikajua kuna jambo, nikaenda kuvaa leso, kwa kuwa nilitaka kusikia jina lake likitangazwa." Alifuta macho kwa kiganja. "Mtaa mzima ulitaka kulisikia jina hilo. Wewe peke yako, mtoto kuliko sote, ndiye uliyesema wakati kusema kulikuwa na uchungu. Mkono wake tumeupoteza sote. Uhai wake ulimrudishia wewe. Usibebe la kwanza peke yako, wala usilisahau la pili."

 Akello aliitikia kwa kichwa.

"Haya," Mama alisema akiinuka. "Twendeni. Hospitali haitatungoja."

Odongo alisimama, akayumba kidogo, akapata mizani yake. Walitoka nje pamoja wakashika njia, Mama mbele na mzigo kichwani, Akello kando ya kaka yake. Walikwenda polepole, na hakuna aliyemharakisha.